Msumeno Niliolipia Taslimu

Nina watu wawili wa kuwashukuru, ingawa walinitia aibu mbele ya umati.

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakiteremka kijiji cha mpakani cha Kagunga kila siku, mimi na Mama Zawadi tulipewa kazi ya kufyeka pori wapate pa kujenga. Kila mmoja alinunua msumeno wa injini, katika duka moja pale Ujiji. Mimi nililipa taslimu, nikamcheka mwenzangu aliyechukua kwa awamu.

Wiki ya tatu wangu ukagoma kuwaka, nami sikubakiwa na hata nauli ya kuupeleka kwa fundi. Wake, kwa kuwa ulikuwa bado mali ya duka, fundi wa duka alikuja kuukagua bure kila Jumatano. Familia zilikuwa zinalala chini zikitusubiri. Jumatano ilipofika nikauweka wangu mahali pa wake. Mama Zawadi aliniona, akaendelea kufyeka.

Fundi akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, ukanguruma.

“Mama Zawadi anashukuru sana,” nikasema, kwa sauti ya msimamizi wake.

Fundi akafuta mikono, akanikabidhi msumeno mimi, mbele ya umati wa wakimbizi waliokuwa wakitazama.

“Huu ni wako, mzee. Mama Zawadi alikuja dukani jana kuniomba nikutengenezee. Wake ni mzima.”