Chungu cha Hazera

"Konzi arubaini na moja! Twarika inakudai, Morium, halafu unanijia kuomba?"

Hivyo ndivyo Hazera Banu alivyomlalamikia jirani yake, amesimama mlangoni asipite mtu. Nilikuwa nyuma ya Morium, na mimi nimekuja kuomba hichohicho.

Kisiwa chetu kiliibuka mdomoni mwa mto Meghna. Tulikihamia sisi ambao mashamba yetu yalikuwa yameliwa na mto. Hapakuwa na msikiti, hata kaburi la walii la kuwashia taa hapakuwa. Hazera alishuka na tasbihi na chungu cha udongo, akaingia nyumba hadi nyumba: kabla hujapika, chota konzi moja ya mchele, weka kando, ya sheikh. Alhamisi anakusanya, tunakaa dhikiri. Tulimcheka, "Ombaomba huyo!" Mwaka wa pili nyumba kumi na tisa zilikuwa zikitoa. Khalifa, naibu wa sheikh, akatuma salamu kutoka bara: chungu kikifika kwao kimejaa siku ya hauli, ile kumbukumbu yao ya kila mwaka, atakuja mwenyewe kutuingiza twarikani.

Ndipo maji ya chumvi yakapanda. Mpunga ukaungua, nyati wetu wa kulimia wakafa. Tuni, binti wa Morium, alikula shina la mgomba siku nne, kisha akaacha hata kulia.

"Dada Hazera, sheikh wako ameshiba," Morium akamjibu pale mlangoni. " Mwanangu je?"

"Nikifungua chungu, nani atakuja tena huku? Serikali? Tutabaki matope yenye watu!"

"Haya, kaa na chungu chako. Kesho nakuletea Tuni umzike, upate na kaburi la kuwashia taa."

Hazera aliuacha mlango, akaingia ndani. Halafu akachukua mchi, akavunja udongo aliozibia chungu. Tulikunywa uji wa sheikh siku tatu, nyumba zote.

Siku ya hauli mashua iliondoka bila chungu chetu. Khalifa hakuja. Hazera hakuonekana nje mwezi mzima, na Alhamisi zikapita kimya.

Mavuno ya mwaka uliofuata, Morium alimwendea na Tuni kiunoni na mchele kwenye ncha ya sari. Hazera akauangalia.

"Konzi za nani hizi? Mbona kidogo hivi?"

"Za Tuni. Aliyekula ndiye aliyepima, kwa mkono wake. Arubaini na moja, nimehesabu."

Hazera akaushika mkono wa mtoto, akaukunjua vidole, akaukunja tena.

"Zimetimia," akasema, akamimina chunguni.