Kipini cha Ncha ya Pua

Jamani, hadi leo nikikumbuka natetemeka. Nilijitoboa pua mwenyewe mbele ya kioo, mkono ukateleza, kipini kikakaa kwenye ncha kabisa. Asubuhi pua imevimba kama tungule. Badala ya kukitoa ili tundu lizibe, nikavaa nikabu, mimi ambaye hata mtandio huwa unanikalia mabegani.

Mtaa mzima ukanisifu. Mama mkwe wangu, Bi Salha, alifurahi hadi akaita jirani zake waje waone nilivyomrejea Mola. Nami nikaenda, kwa ujinga wangu. Nilisahau kwamba nikabu ni ya kujistiri kwa wanaume, na pale sebuleni kwake tulikuwa wanawake watupu.

"Mwanangu, hapa hamna mwanamume, jifunue ule halua," akasema, akainua nikabu kwa mkono wake mwenyewe.

"Yarabi toba!" Sahani ya halua ikamponyoka Bi Salha.

Ajuza mmoja akanisogelea, akakitazama kile kipini kwa huruma.

"Mjukuu wangu," akauliza, "sasa kamasi unapenga vipi?"