Madirisha ya Dzigbordi

Duka letu la kuchapa mabango ya misiba liko mjini Ho, nyuma ya kituo cha magari. Mimi nakata karatasi. Maneno na picha anapanga Dzigbordi, na mteja anayetaka bango lipendeze humngoja yeye tu, hata kama amekwenda sokoni.

Ni mwanamke mpole, mwimbaji wa kwaya. Asubuhi hula ndizi ya kuchoma na karanga akiwa amesimama mlangoni, kisha hunawa mikono ndipo awashe kompyuta. Zamani alikuwa kama wapangaji wengine wa mabango, akiburuta madirisha ya kompyuta kwa kipanya, hili limelala juu ya lile, akilitafuta lililofunikwa. Kifundo cha mkono kikavimba. Fundi mmoja wa kwaya yao akamwekea programu inayoyapanga yenyewe. Ukifungua dirisha moja, linakijaza kioo chote. Ukifungua la pili, yanagawana kioo nusu kwa nusu, kushoto na kulia. Ukiongeza la tatu, la kwanza linabaki na nusu yake, na hayo mawili yanabanana upande wa kulia, moja juu na jingine chini. Hakuna linalomfunika mwenzake.

Sisi tulizoea. Wateja ndio waliosumbuka, kwa sababu kwetu ndugu wa marehemu hukaa nyuma ya mpangaji wakikodolea macho kioo, na kila mtu anajua kwamba kwenye bango la msiba, mwenye nafasi kubwa ndiye mwenye cheo.

Siku moja waliingia wajane wawili wa marehemu Agbenyega, aliyekuwa na gereji. Bi mkubwa anaitwa Akpene, bi mdogo Enyonam. Kila mmoja alikuja na maneno yake ya kumuaga mume, na kila mmoja ameapa kuchapa bango lake peke yake. Aliyewaleta ni shemeji yao, mzee Klutse.

"Binti yangu, nisaidie," alimwambia Dzigbordi. "Mabango mawili ni misiba miwili, na maiti ni moja. Ukoo umekataa kutoa siku ya mazishi mpaka waone bango moja. Kaka yangu yuko kwenye jokofu tangu mvua hazijaanza."

Dzigbordi akafungua maneno ya Akpene, kisha ya Enyonam. Nusu kwa nusu. Kisha akafungua picha ya marehemu, na maneno ya Enyonam yakasukumwa juu pembeni, yamekuwa madogo.

"He! Mbona mimi nimepunguzwa?"

"Hujapunguzwa, mama. Ni kompyuta inapanga."

"Kompyuta imejuaje nani bi mkubwa?"

"Hata mashine ina adabu kuliko watu wengine," Akpene akasema, akitazama dari.

"Mashine haikulala hospitali. Aliyemwogesha ni mimi!"

"Na aliyemfulia akiwa na suruali moja ni nani?"

"Jamani, mnagombania kioo!" mzee Klutse akalia. "Hilo hata si bango!"

Enyonam akachukua mkoba, akasimama. Dzigbordi alibonyeza vitufe viwili, na madirisha yakajipanga safu tatu za kusimama zilizolingana, marehemu katikati.

"Mama, tazama kwanza."

Enyonam akakaa, nusu ya kitako nje ya kiti.

"Kwa hiyo sasa mimi ndiye niliyeshushwa," Akpene akasema.

Mzee Klutse akajishika kichwa.

Ile picha yenyewe haikuwa nzuri, mwanga ulikuwa umemla shavu moja. Dzigbordi akaifunga ili atafute nyingine kwenye flashi waliyoileta, na flashi ile ilikuwa nzito kufunguka. Picha ilipoondoka, maneno ya wake wawili yakatanuka yenyewe mpaka yakakutana katikati ya kioo. Hakukuwa na kingine cha kutazama. Wakaanza kusoma, kila mmoja upande wa mwenzake.

"'Alikula ugali wa akple wa moto mpaka machozi yakamtoka,'" Akpene akasoma polepole. "Hata kwako?"

"Hata kwangu. Ukimwambia asubiri, anasema tumbo halina saa."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo!" Akasogeza kiti. "Mwongo yule. Nilidhani ameyatunga kwa ajili yangu."

Enyonam naye alikuwa ameinama mbele. "Bi mkubwa, hapa umeandika kwamba aliogopa paka."

"Aliogopa sana."

"Kwangu alifuga paka wawili!"

"Basi alikuogopa wewe zaidi."

Enyonam akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, na akaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha. Akpene akamshika goti. Dzigbordi alikuwa ameshaipata picha nyingine, lakini hakuifungua.

"Binti," Akpene akasema, "yaache hivyo. Yangu huku, yake huku. Mume wetu muweke juu, peke yake."

"Na majina?" Dzigbordi akauliza.

Walitazamana.

"La bi mkubwa litangulie," Enyonam akasema. "Lakini herufi zilingane."

"Zilingane," Akpene akajibu. "Na paka wake usiwatoe."

Mzee Klutse alikuwa ameshafika mlangoni, simu sikioni, akiwapigia kelele wazee wa ukoo watafute Jumamosi ya mazishi.