Kilo za Mama Mkwe

Kwetu mwanamume hamshiki mkono mama mkwe wake. Hali naye sahani moja, hakai naye benchi moja, na akikutana naye njiani husogea kando na kutazama majani mpaka apite. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na wakwe zao, mashavu yamegusana, na hakuna anayeshtuka. Baba yangu si wa siku hizi. Sijawahi kumwona akimtazama usoni bibi yangu, mzaa mama, na nadhani anamwogopa kuliko askari wote wa barabarani.

Nayaeleza haya mwanzoni kwa sababu bila hayo habari ya ndege haieleweki.

Baba alikuwa mpimaji kwenye uwanja mdogo wa ndege wa hapa Butembo, enzi zile ndege ndogo zilipokuwa zikienda Manguredjipa karibu kila siku. Barabara ya kule ilikuwa tope tu. Lori likiingia wakati wa mvua, mwenye lori alianza kutafuta pa kulala. Kila abiria wa ndege alipanda juu ya mizani ya kupimia kahawa, yeye na kifurushi chake, baba akasoma kilo kwa sauti, rubani akaandika kwenye karatasi. Wanawake walivaa vikwembe vitano, kimoja juu ya kingine, ili mzigo uonekane mdogo, kana kwamba mizani ina macho. Baba aliwaacha wajisumbue.

Nilikuwa na miaka tisa shimo la dhahabu lilipomwangukia mjomba wangu, mtoto wa mwisho wa bibi, huko Manguredjipa. Habari ilikuja asubuhi kwa redio ya mawasiliano: mazishi ni leo mchana, joto la kule halingoji ndugu. Bibi aliondoka nyumbani mbio kuelekea uwanjani, mimi nyuma yake nimeshika pindo la kikwembe chake. Watu wakapimwa mmoja mmoja. Zamu ya bibi ilipofika, baba aliinamisha macho, akamwita mtu aliyekuwa nyuma yake, kisha mwingine, kisha mwingine. Mwishoni rubani, Mzungu mmoja mwenye haraka, alitazama karatasi yake, akatazama mawingu, akasema mama huyu hajapimwa, hapandi. Baba akasema huku akiangalia chini, “Ndege imejaa.” Mlango ukafungwa. Ndani mlikuwa na magunia ya chumvi. Niliyaona.

Mjomba alizikwa bila mama yake. Tangu siku hiyo bibi hakutamka tena jina la baba. Alimwita “ule wa chumvi”, hata mbele yetu watoto. Mama alikaa katikati yao maisha yake yote, akipeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma. Alipofariki, kazi hiyo iliniangukia mimi. Bibi anaishi kwangu, mtaa wa Vulamba, baba anaishi mwendo wa robo saa kutoka hapo, na mimi nauza vitenge sokoni na kusuluhisha wazee. Vitenge vina nafuu.

Mwaka jana nilimbana baba mpaka akaniambia.

“Ningemupandisha juu ya bascule,” alisema, “nisome kilo ya mama-mukwe wangu mbele ya batu yote? Haya njo ilinifunga kichwa. Sikufikiri hata kumuambia pilote amupime yeye mwenyewe. Nilikuya kufikiri ile mangaribi, lakini ndeke ilikuwa imeshaenda.”

Nikamwambia: basi nitamwambia bibi, ajue hukumkataa.

“Hapana. Kumuambia ni kumupima mara ya pili.”

Nikakaa na siri hiyo mwaka mzima, na iliniwasha. Bibi ameshapita miaka themanini na tano. Baba naye anapanda ngazi za kanisa kwa vituo. Niliogopa mmoja atakufa na mwingine abaki na kinyongo ambacho neno langu moja lingekiondoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi sina muda wa kujenga ukuta.

Ndipo nikasikia habari za ndege za Beni. Mfanyabiashara mmoja wa huko alinunua ndege mbili kuukuu zisizoruka tena, akaziweka kwenye kiwanja chake, akapanda nyasi, akajenga paillote, kibanda cha nyasi cha kuuzia vinywaji. Watu wanalipa mlangoni wanaingia kuzitazama. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa walienda huko na watoto wa komunyo ya kwanza, na wakarudi wakisema unaweza hata kuketi ndani. Bibi aliwasikiliza, na siku mbili baadaye akaniambia anataka kukiona kiti kilichomkataa.

Nikamwambia kwamba baba yuko tayari kwenda pia. Nilikuwa bado sijamuuliza.

“Njia ni ya batu yote,” alisema bibi.

Baba nilipomwambia bibi anaenda, aliuliza swali moja tu: gari lina viti vingapi? Nilikodi gari la Mwislamu mmoja wa Beni anayenisafirishia bidhaa, mtu mtaratibu asiyeuliza maswali. Baba akakaa mbele, bibi nyuma yake, mimi pembeni ya bibi. Kwa namna hiyo baba angeweza kusafiri mpaka Beni bila kumwona mkwe wake hata mara moja. Kila dereva alipoinua macho kwenye kioo cha katikati, baba aligeukia dirishani.

Kwenye kizuizi kimoja baada ya Maboya askari alituomba kadi za utambulisho, akauliza kwa Lingala tunaenda wapi.

“Kuangalia ndeke,” baba akamjibu.

“Ndeke yenye kukufa?”

“Hiyo hiyo.”

Askari alimtazama bibi, akaturudishia kadi, akasema tuwasalimie marubani. Bibi hakucheka. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha Pasaka, na tangu Butembo alikuwa akilalamika juu ya joto la Beni ambalo tulikuwa hatujalifikia. Ni mtu wa Lubero, wa baridi na viazi.

Ndege zenyewe, niseme kweli, hazikunishangaza. Kubwa ilikuwa imepakwa rangi nyeupe mpya na aliyepaka alipitisha brashi hata juu ya mipira ya madirisha. Injini moja haikuwa na pangaboi. Ndogo, ya viti kumi, ilikuwa na sura ya zile za Manguredjipa, mabawa juu, mlango mdogo wa ubavuni, ngazi ya vidato vitatu. Bibi harusi mmoja na bwana wake walikuwa wakipigwa picha chini ya bawa, na mpiga picha alikuwa akiwaambia waangalie juu kama wanaosafiri.

Anayewaongoza wageni alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kofia ya bluu, mkarimu sana. Alituambia ndege ile ndogo ilibeba watu ishirini.

“Kumi,” alisema baba. “Na mbuzi moya, kama iko ya adabu.”

Yule mama akafurahi, akamuuliza amejuaje, na baba, ambaye nyumbani anaweza kumaliza siku kwa maneno sita, akaanza kueleza. Alieleza mkia, magurudumu, mahali pa kufunga mizigo. Alikuwa mbele yetu hatua kumi hivi, mgongo wake kwetu, mkono wake ukipapasa bati. Niliona fahari yake, nikamwonea bibi huruma kwa kulazimika kuisikia. Bibi alikuwa amesimama kwenye jua na fimbo yake, akiutazama mlango mdogo.

Pembeni ya ndege walikuwa wameweka mizani. Mizani ya kahawa ya aina ileile, jukwaa la mbao na mkono wa chuma wenye uzito wa kusogeza. Ni mchezo wao: mgeni anapanda, anasomewa kilo zake kama abiria wa zamani, anapewa kikaratasi. Mimi sikujua kuna mizani. Ningejua, tungeishia kwenye soda.

“Mukaka,” yule mama alimwambia bibi, kwa heshima tunayowapa wazee wa kike, “kuya hapa, tukupime sawa vile balipimaka batu zamani.”

Mkono wa baba ulisimama juu ya bati.

“Miye hapana kupimwa,” alisema bibi. “Muulize ule wa chumvi. Batu yote balipimwa, miye alinirukaka.”

Hapo nikashindwa. Mwaka mzima nilikuwa nimebana ulimi, na ulimi ukaponyoka mbele ya mtu nisiyemjua na maharusi wawili.

“Mukaka, hakukukatala,” nikasema. “Ilikuwa haya. Ulikuwa mama-mukwe wake, hakuweza kusoma kilo yako mbele ya batu. Ni heshima njo ilimufunga. Ameniambia mwenyewe.”

Nilingoja uso wake ufunguke. Bibi alinitazama kama anavyonitazama nikichoma maharagwe.

“Ulizani sikujua?” alisema. “Nilijua ile siku, kabla ndeke iruke. Ni miye nilimufundisha mama yako vile mukwe anaheshimiaka mama-mukwe. Nilijua.”

“Sasa hasira ya nini, miaka yote hii?”

“Mutoto wangu alikuwa anaingia mu udongo. Ile siku sikuombaka heshima. Niliombaka kiti.” Alipumua kidogo, joto lilikuwa likimtesa. “Nilingoja aseme. Nilingoja aseme na kinywa yake, hapana na kinywa ya mutoto.”

Niliona aibu mpaka masikioni. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi nilikuwa nimemjia na dawa ya mafua.

Kisha bibi akanipa fimbo yake na kupanda juu ya mizani. Alipanda mwenyewe, mguu mmoja, halafu wa pili. Yule mama, ambaye sasa alikuwa ameelewa kwamba huu si mchezo, alisogeza chuma polepole.

“Soma,” bibi akamwambia. “Na sauti.”

“Kilo makumi ine na tatu.”

Baba alikuwa bado amesimama kule mbele, uso kwenye bati la ndege. Bibi alizungumza na mgongo wake. Sijui kama aliwahi kuzungumza naye moja kwa moja kabla ya hapo. Mimi sikumbuki.

“Na ile siku? Ilikuwa ngapi?”

Nikataka kusema, Mukaka, hukupimwa, nani anaweza kujua? Lakini baba alijibu kabla yangu, na alijibu upesi, kama mtu anayeulizwa jina lake.

“Makumi tano na sita, Mama.”

Mtu aliyepima watu kila asubuhi kwa miaka mingi hahitaji mizani, jicho linatangulia. Alikuwa amempima pale pale, alipomwona anakuja mbio uwanjani na mimi nyuma yake. Namba hiyo aliishi nayo. Mama yangu hakuijua, na mimi, niliyejiona nimebeba siri nzima, sikuijua.

“Na nafasi?” aliuliza bibi.

“Ilikuwako.”

“Chumvi ilifika.”

“Ilifika, Mama. Nilikosa. Ningesema tu ile kilo, ungemuona mutoto wako.”

Baba aligeuka. Alikuwa analia bila kujifuta, mzee yule, mbele ya maharusi. Nilitamani kumwendea, nikaona hapo si pangu. Bibi alibaki juu ya mizani. Sikuona msamaha usoni mwake, na sitaki kuuweka pale kwa kuwa hadithi ingependeza. Niliona uchovu.

“Bon,” alisema mwishoni. “Niko nataka kuingia.”

Alishuka kwenye mizani akaelekea kwenye ngazi ya ile ndege ndogo. Nilimkimbilia na fimbo, akanizuia kwa kiganja. Akasimama mbele ya kidato cha kwanza na kungoja, na baba aliyekuwa karibu na mlango akaelewa kabla yangu kwamba anamngoja yeye. Alivua koti lake, akauzungushia mkono wake wa kulia, akaunyoosha hivyo, uso ukiwa pembeni.

“Toa koti,” alisema bibi.

Baba akatoa koti. Mikono yao ikashikana, ya baba ya kushindilia magunia na ya bibi ya kupanda viazi, na akampandisha vidato vitatu, akampeleka mpaka kwenye kiti cha pili upande wa dirisha. Mimi nilisimama mlangoni. Mle ndani mlinuka rangi na joto. Baba alitaka kutoka, bibi akamwonyesha kiti cha upande wa pili wa njia.

“Ingechukua saa ngapi, mpaka kule?”

“Dakika makumi mbili.”

“Makumi mbili tu?”

“Makumi mbili, Mama.”

Bibi alitazama nje kupitia kioo cha dirisha, ambacho nacho kilipakwa rangi nusu. Kisha akaweka mikono yake juu ya magoti.

“Tuikae makumi mbili.”

Wakakaa. Baada ya muda maharusi walikuja na mpiga picha wao, wakasema sasa ni zamu yao ya kuingia, wamelipa kama watu wote. Niliziba mlango kwa mwili wangu, ambao kilo zake sizitaji, nikawaambia wangoje, kuna mazishi ndani.