Siku Umuhire Alipofikia Kilo

Nyirahabimana alikuwa na mdomo, na hilo alilijua kila mtu aliyewahi kununua sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwake pale ufukweni Gisenyi. Ukibinyabinya samaki bila kununua, alikuuliza kama unatafuta mchumba. Ukiomba nyongeza alikupa, lakini alikusindikiza na maneno ambayo ungeyabeba mpaka nyumbani pamoja na samaki wenyewe. Hata hivyo, mdomo huohuo ndio uliokuwa wa kwanza kupiga vigelegele mwenzao alipojifungua. Kwao mzazi hatembelewi mikono mitupu. Wanawake hupika uji wa mtama, hutafuta maziwa na viazi, hubeba vichwani na kuingia kwa nyimbo. Wenyewe huita guhemba, yaani kumtuza aliyezaa. Na kati ya wauza samaki, msafara wa guhemba haukuondoka mpaka Nyirahabimana aseme twende.

Yeye mwenyewe hakuwahi kutuzwa. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mke wa Phocas, mvuvi mpole ambaye watu walidhani hasemi kwa sababu mkewe hakumwachia nafasi. Mimba tatu zilimtoka, zote kabla ya mwezi wa tano. Kila mara alilala siku chache, akafunga kitenge chake, akarudi kwenye beseni lake kuita wateja. Watu walisema ana moyo mgumu. Uongo mtupu. Hakujua tu alilie wapi, maana msiba usio na kaburi hauwekewi mkeka.

Labda ndiyo sababu alifanya lile alilomfanyia Saidati. Sitaki kumtetea, naeleza tu. Mwaka wa tisini na saba, Saidati, muuza samaki mwenzao kutoka mtaa wa Waislamu, alijifungua mtoto wa miezi saba. Wanawake walikuwa wamekwisha kununua unga wa mtama. Nyirahabimana akawazuia. "Tungoje kwanza," alisema. "Uji hatupeleke kwa kitu yenye haijajulikana." Wakangoja. Mtoto aliishi siku kumi na mbili na hakuna aliyekwenda, si kwa furaha, si kwa kilio. Saidati hakugombana na mtu. Aliondoa beseni lake pale ufukweni, akahamia karibu na mpaka kuuza mandazi, na toka siku hiyo alipita mbele yao kana kwamba anapita mbele ya ukuta.

Miaka miwili baadaye Nyirahabimana alishika mimba ya nne. Mwezi wa tano ukapita, wa sita ukaingia, naye akaanza kutembea taratibu, ameshika tumbo kama mtu aliyebeba mayai. Phocas alimwomba akae nyumbani. Lakini bei ya sambaza ilikuwa nzuri kule Bugeshi, watu walikuwa wameanza kurudi kwenye mashamba yao baada ya vita, na yeye si mtu wa kukaa. Uchungu ulimkamata njiani akiteremka, mzigo wa viazi mgongoni. Wanaume wa Cyanzarwe waliokuwa wakipalilia waliacha majembe, wakamweka kwenye machela, wakampeleka mbio mpaka hospitali. Alijifungua jioni ileile. Mtoto wa kike, gramu mia tisa na arobaini.

Alipoonyeshwa alinyosha kidole kumgusa. Mtoto alikuwa mwekundu, ngozi yake nyembamba kiasi kwamba mishipa ilionekana, na kiganja chake kizima hakikuweza kuzunguka kidole cha mama yake. Lakini alikuwa anapumua.

Muuguzi wa wodi ile, Kayitesi, alikuwa amekulia Tanzania na kurudi na wazazi wake. Kiswahili chake kilinyooka, na hakuwa mtu wa kupamba maneno.

"Mama, huyu tunamwita njiti," alimwambia. "Amewahi mno. Mashine ya kumtia joto hatuna. Joto lake ni kifua chako, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Maziwa utakamua, nami nitamnywesha kwa mrija huu wa puani. Na kitu kimoja usikisahau: watoto hawa husahau kupumua. Ukiona kimya, mguse wayo wa mguu kwa kidole, upesi. Atakumbuka."

"Na nikilala?"

Kayitesi alirekebisha mrija kwanza. "Unaye ndugu wa kukupokea?"

Hakuwa naye. Mama yake na dada zake walikuwa wamekufa, wengine huku, wengine kwenye makambi ng'ambo ya mpaka. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia katika wodi ya wazazi. Phocas alikuja kila asubuhi akitoka ziwani, akasimama dirishani na nguo zake mbichi, akatazama kile kifurushi kifuani mwa mkewe. "Iko?" aliuliza. "Iko," alijibiwa. Basi akaenda zake kulala.

Ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanawake wa samaki hawakuja. Hakuhitaji kuambiwa sababu, sheria aliitunga yeye. Aliweza hata kumsikia Nyiraneza, mkubwa wao, akisema mbele ya mabeseni: "Ni ya miezi sita, tungoje kwanza." Wodini, mama wa kitanda cha pili alitembelewa na watu kumi na wanne, wodi nzima ikanuka uji na maziwa. Nyirahabimana aligeukia ukutani, kidole chake kikiwa juu ya ule wayo mdogo, akalia bila sauti ili asimtikise mtoto. Alilia kwa ajili ya mwanawe, na kusema kweli alilia pia kwa aibu.

Siku ya nne mchana alikuwa amefika mwisho wa nguvu zake. Macho yalifumba akiwa ameketi, akashtuka, mtoto amekuwa wa buluu midomoni. Aligusa wayo, akagusa tena. Mtoto akavuta pumzi. Alipoinua kichwa, alimwona Saidati amesimama miguuni pa kitanda, beseni tupu la mandazi kwapani.

"Mi sikuja juu ya kukuhurumia," Saidati alisema. "Nilitaka kuona kama sasa unajua."

"Mi najua."

"Bon. Sawa."

Saidati alimtazama mtoto kwa muda mrefu, na uso wake haukulegea hata kidogo.

"Umelala lini?"

"Sijui. Pengine juzi."

Saidati aliweka beseni chini, akaketi pembeni mwa kitanda, akafungua vifungo vya blauzi yake. "Leta mutoto," alisema.

Nyirahabimana alilala mpaka alasiri, usingizi wa kufa. Alipoamka, Saidati alikuwa palepale, mgongo umenyooka, kidole juu ya wayo. "Alisahau mara mbili," alisema. "Nilimukumbusha." Akamrudisha mtoto, akafunga blauzi, akaondoka bila kuaga. Kesho yake akarudi.

Ikawa hivyo. Usiku ni wa mama, mchana ni wa Saidati. Alikuja akishamaliza mandazi yake ya asubuhi, akaondoka kabla ya magaribi. Hawakuwa marafiki, msinielewe vibaya. Walizungumza mambo ya maziwa, ya nepi, ya mrija ulioziba. Mara nyingi Nyirahabimana alitaka kumwuliza juu ya yule mtoto wake, angalau jina lake, lakini aliishia kuuliza habari ya nepi. Angeanzia wapi? Angeulizaje jina la mtoto ambaye yeye mwenyewe aliwaambia watu kuwa ni kitu? Siku ya nane, siku ambayo watoto wengine hupewa jina watu wakila na kunywa, Phocas alisema jina kupitia dirishani. "Umuhire," alisema, yaani mwenye heri. Walilisikia wanawake wawili tu, pamoja na Kayitesi aliyekuwa akipita na ndoo.

Kwanza Umuhire alipungua, akashuka mpaka gramu mia nane na sabini. Kayitesi aliwaambia wasife moyo, njiti wote hushuka. Baadaye akaanza kupanda, gramu kumi leo, kumi na tano kesho. Mizani ikawa ndiyo saa ya wodi. Akina mama wa vitanda vingine walisogea kutazama mtoto alipowekwa juu yake. Siku ya ishirini na tano Kayitesi alimpima, akakunja uso, akampima tena.

"Kilo moja na gramu kumi," alisema.

Saidati alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, akakifunika kwa mkono haraka, kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Phocas, yule asiyesema, alikimbia ufukweni akipiga kelele. "Amefika kilo! Mutoto amefika kilo!" Na wanawake wale, ambao maisha yao yote yalipita mbele ya mizani, walielewa mara moja. Gramu hawakuzijua. Kilo waliijua. Nyiraneza alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge. "Kilo ni mutu," alisema. "Kesho tunaenda." Jioni hiyohiyo wakatafuta unga.

Kesho yake asubuhi Umuhire alikuwa mzito wa kuamka. Maziwa yalikaa kwenye mrija yasiteremke vizuri. Kayitesi alimshika paji la uso, akamdunga sindano, akasema, "Leo tumwangalie kwa karibu." Saidati alifika mapema kuliko siku zote, akampokea. Nyirahabimana alisema hatalala. Akaegemea ukuta kidogo tu.

Aliamshwa na sauti ya Saidati ikiita jina lile, mara moja, mara mbili, halafu bila kukoma. Alikuwa akigusa wayo, akigusa, akisugua mgongo, akigusa tena. Kayitesi alikuja mbio, akamlaza mtoto kitandani, akamsukumia hewa kwa mpira na kukibonyeza kile kifua kwa vidole viwili. Alihangaika muda mrefu, jasho likimtoka. Kisha akaacha. Akamfunika mtoto mpaka shingoni tu, kama mtu aliyelala, akasema, "Pole, mama. Pole sana."

"Niligusa," Saidati alisema. "Nyirahabimana, niligusa. Sikulala. Haki ya Mungu, sikulala."

Nitasema ukweli: kwanza Nyirahabimana alimchukia. Alimchukia kwa sababu mtoto alifia kifuani pake na si kwa mama yake, na maneno yalimjaa mdomoni, makali, yale anayoyajua yeye. Halafu akamwona Saidati bado ameketi na blauzi wazi, mkono mmoja ukipapasa kifua kitupu, polepole, akimbembeleza asiyekuwepo tena. Maneno yakamwishia. Alimchukua Umuhire, akakaa naye chini kwenye mkeka, akalia kwa sauti kubwa, kilio ambacho mimba zile tatu hazikuwahi kukipata.

Bado analia, vigelegele vikasikika kutoka getini.

Walikuwa tisa. Walikuja wakiimba, vikapu na masufuria vichwani, Nyiraneza mbele, vitenge vya sikukuu. Walipita ua, wakapita baraza, wimbo wao ukiingia kabla yao. Mlangoni wa kwanza aliona, akanyamaza. Wa pili akamgonga mgongoni. Wimbo ukakatika mtu kwa mtu mpaka wa mwisho kabisa, aliyeimba peke yake kwa kitambo akishangaa wenzake wamekuwaje.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mmoja nyuma akanong'ona, lakini wodi ilikuwa kimya na kila mtu alisikia: "Alikuwa kwa kifua ya Saidati? Ya kwake pia ilikufa."

Saidati alianza kufunga vifungo vyake.

"Turudi," Nyiraneza aliwaambia wenzake kwa sauti ya chini. "Uji ya kuzaa hainyweke kwa kifo. Tutarudi kesho kwa kilio, mikono mitupu."

"Munaenda wapi?" Nyirahabimana aliuliza.

Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa ileile ya ufukweni, na wote tisa wakasimama.

"Mi sikuzaa? Siku makumi mbili na sita nilikuwa mama ya mutu, na anaitwa Umuhire. Muweke hizo vitu chini."

Waliweka. Nyiraneza alimimina bakuli, akapiga goti na kumpa. Nyirahabimana alilipokea, akalishika, hakunywa. Alimtazama yule aliyenong'ona mpaka yule akainamisha kichwa. Kisha akageuka.

"Saidati. Keti hapa."

"Niache niende."

"Keti. Huyu alizaa kabla yangu," aliwaambia wanawake. "Mulinunua unga, na ni mimi njo nilibazuia. Alinishikia mutoto siku makumi mbili na tatu, na hata siku moja sikumuuliza." Akamgeukia Saidati. "Mutoto yako alikuwa na jina gani?"

Saidati alitazama chini. Jina hilo lilikuwa halijasemwa mbele ya watu toka lilipotolewa.

"Sumaya," alisema.

"Mama Sumaya," Nyirahabimana alisema, akamwekea bakuli mikononi. "Kunywa."

Uji ulikuwa bado wa moto. Saidati alikunywa akilia, kidogo kidogo, mpaka chini, na wanawake wote tisa wakapiga magoti kumzunguka. Nyirahabimana alimfunika Umuhire vizuri, akamweka mapajani, akangoja zamu yake.