Nyumba Isiyokuwa na Baraza

Baba alisema hahamii. Alilisema hilo mlangoni, hata viatu hajavua, siku nilipompeleka kuiona nyumba niliyomchorea hapa Ibra, mji wa joto la jangwani.

Makosa niliyatoa Estonia. Nilikwenda kusomea usanifu wa majengo, nikampenda msanifu mmoja wa zamani, miongoni mwa wa mwanzo nchini mwao kuyatupa mapambo: kuta nyeupe, paa bapa, madirisha mapana upande wa kusini. Kwake yeye, kisichokuwa na kazi kisijengwe. Huko jua ni mgeni wa heshima, hufunguliwa madirisha. Nami nikalifungulia na Ibra. Saa nne asubuhi sebule ilifaa kuokea mikate. Paa bapa ndilo pekee lililokubali, na hilo watu wa Ibra walikuwa nalo kabla msanifu wangu hajazaliwa.

"Madirisha tutatia mapazia," alisema Baba. "Baraza iko wapi?"

Nikamwambia majlisi, chumba cha wageni, ipo, tena ina kiyoyozi. Baraza ya nje haina kazi.

"Majlisi mtu hualikwa. Barazani hupita tu, akakaa."

Wazee wenzake wa Unguja wamebaki watatu. Kila siku baada ya alasiri hupita, hukaa kwenye baraza ya nyumba yetu kongwe, wakiizungumza mitaa waliyoiacha. Nilikuwa nimekata mazungumzo hayo kwa rula, tena kwa kujisifu.

"Na huyo mzungu wako, wallahi, yeye alikuwa akikaa wapi?"

Nikamweleza. Vita vilipoingia alikimbia nchi, akafia ugenini. Nyumba zake zimesimama mpaka leo. Yeye hakuziona tena.

Baba aliondoka Unguja wakati wa mapinduzi, na shati lililokuwa mwilini tu. Akaitazama ile nyumba.

"Maskini," alisema. "Kumbe mzungu naye hukimbia kwao."

Asubuhi yake nikawaita waashi. Baraza ya saruji ikakaa upande wa kaskazini, kwenye kivuli, ikauharibu uso wa nyumba kama nilivyotarajia. Walimu wangu wangenifelisha. Baba akahamia wiki ile ile.

Alasiri ya kwanza wazee walikuja wote watatu. Niliwatilia kahawa, kisha nikataka kuketi pembeni ya Baba, palipokuwa wazi.

"Sogea kule," akaniambia. "Hapo pa mzungu wako."

Nikasogea. Nilimpenda sana baba yangu alasiri ile, nikashindwa kumwambia, nikamwongezea kahawa.