Maji ya Mzazi Kambini

Moshi wa makonyo, yale mashina membamba yanayobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, ni mtamu kwa mbali na mkali kwa karibu. Ukikaa nao jikoni unakutoa machozi. Ukikutana nao bondeni, wewe unapanda na ndoo kichwani, unakwambia kwamba umekaribia nyumbani. Nyumbani kwenyewe msimu ule kulikuwa ni kibanda cha miti na makuti katika shamba la babu, juu ya kilima, mbali na mji wa Konde. Hapakuwa na umeme, hapakuwa na bomba, wala jirani wa kumwomba kaa la moto. Siku hizo karafuu zikiiva shule zilifungwa ili watoto wakachume, na mimi, mtoto wa mjini wa Jadida, nilipakiwa pamoja na magunia matupu na masufuria nikapelekwa kambini kwa bibi, mama yake mama. Nilikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwenye maneno mengi. Kupanda mkarafuu sikuweza, na kuchambua nilikuwa nachambua huku nahadithia, kazi haiendi. Bibi akachoka na mimi akanipa moto. Kazi yangu ikawa kuchemsha maji ya kuoga ya kambi nzima.

Asiyepajua atauliza maji ya moto ni ya nini katika kisiwa chenye jua kama letu. Huyo hajashuka mkarafuuni mvua za vuli zikimpiga. Wachumaji walikuwa wakirudi wamelowa, vidole vimekufa ganzi, shingo zimevimba kwa kuumwa na chungu, na mafuta ya karafuu yanawawasha kila penye mkwaruzo. Nilikuwa na mafiga matatu, sufuria moja kubwa iliyokuwa nyeusi kuliko usiku, na ua wa makuti uliotandikwa mawe bapa ndio bafu letu. Maji yalitoka kisimani bondeni, yakapandishwa kwa vichwa. Nilijifunza mambo ambayo shuleni hayafundishwi: kwamba makumbi ya nazi hushika moto kwa uvivu lakini hauzimiki, kwamba vifuu vinawaka kwa pupa na kuisha, na kwamba sufuria ikitazamwa sana haichemki. Kila alfajiri kwanza nilijaza birika la babu la kutawadhia. Jioni kila mtu alichukua ndoo yake akachanganya mwenyewe, na mimi nikisimama pale na kata ya kuchotea maji mkononi kama karani wa bandari, nikimkemea mtu mzima aliyetaka kuzidisha.

Lakini kabla ya wachumaji wote alikuwapo mzazi. Mama mdogo Zuwena, mdogo wake mama, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza siku chache kabla msimu haujaanza. Kwetu mzazi hukaa arubaini ndani, na kila siku hukandwa kwa maji ya moto yaliyotiwa majani, mgongo, kiuno na tumbo, na anayemkanda ni mama yake. Tatizo ni kwamba karafuu nazo haziwekwi. Zikichanua mtini zimeharibika. Bibi hakuweza kuziacha, na mwanawe hakutaka kumwacha. Basi Zuwena akapandishwa kilimani kwa gari la ng'ombe, amelazwa juu ya godoro, kichanga kifuani, na mwavuli juu yao. Habari hiyo ilipofika Konde, kwa mama mkwe wake, Bi Raya, nyumba haikukalika. Bi Raya alituma ujumbe kuwa mzazi hawekwi kambini kama mchumaji. Kwamba kibandani hakuna maji ya moto ya maana. Kwamba atakuja kuona kwa macho yake, na akikuta mkwewe anaoga vuguvugu atamchukua yeye na mtoto.

Zuwena hakuwa na ugomvi na mkwewe. Alitaka mama yake tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye aliyekuwa ndio kwanza ameujua alitaka mikono aliyoizoea. Siku ujumbe ulipofika alinishika mkono akaniambia, huku akicheka lakini hauachii mkono wangu, kuwa moto wangu ukizima wao wanaondoka. Maneno yale yaliniingia. Nilikuwa nimeshampenda yule mtoto kupita kiasi. Bibi akimkanda mamake, mimi ndiye niliyekaa nje ya ua na kumpakata, nikimsimulia habari zangu zote, na yeye peke yake kambini hakuwahi kuniambia ninyamaze.

Kisha mvua ikaja ile isiyojua kupumzika. Kuni zikalowa, hata zile za kwenye uchaga juu ya moto zikawa zinatoa povu badala ya ndimi. Siku moja nilipuliza tangu baada ya adhuhuri mpaka kichwa kikaniuma, na maji yakawa bado yananitazama tu. Babu alikuwa na gunia la makonyo makavu alilolificha pembeni ya kibanda, akingoja kuyauza. Alipita, akanitazama nilivyovimba macho, akalikokota gunia lile akaliacha miguuni pangu. Nilitia makonyo konzi kwa konzi. Alasiri ilipokuwa inakwisha sufuria ikaanza kuimba, na hapo hapo nikasikia mtu anapiga hodi kwa sauti inayotetemeka.

Alikuwa Bi Raya. Gari la abiria lilikuwa limemshusha barabarani, na njia yote ya kilima ameipanda kwa miguu katika mvua ile. Buibui limemganda mwilini, meno yanagongana. Mwanamke mrefu, mwenye heshima zake, siku hiyo alikuwa amenyeshewa hadi heshima. Babu alitoka mbio akamkaribisha, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na papo hapo akaniamrisha nimtilie Bi Raya maji ya moto akajimwagie. Nikashika kata. Maji yalikuwa sufuria moja tu, yametuchukua mchana kutwa, na jua lilikuwa linakaribia kuzama. Magharibi ikiingia mzazi hatolewi tena nje.

Bibi alikuja akaishika kata akaiondoa mkononi mwangu.

"Maji yano ya mzazi, Bi Raya," alisema. "Kaa motoni uote. Nikeshamaliza ntakuchemshia yako."

Babu alikohoa. Sijapata kumwona mtu anakohoa kwa aibu namna ile. Kumnyima mgeni maji ni jambo ambalo watu wa kwetu wanaweza kulizungumza mpaka wajukuu wazeeke, na mgeni mwenyewe ni mkwe. Bi Raya alikaa juu ya kibao karibu yangu, akakamua pindo la buibui, akanyoosha mikono kwenye moto. Nyuma ya makuti tukasikia bibi anachovya majani na kuyabandika mgongoni, na Zuwena akilia kwamba yanamuunguza, na bibi akimjibu bila huruma kuwa baridi ndiyo itakayomuua, haya yatamponya. Ilikuwa kazi ndefu. Mimi nilikuwa na mtoto mapajani na roho juu, nikihesabu kuwa kesho nitakuwa sina wa kumsimulia. Pembeni yangu Bi Raya alisikiliza. Baadaye kidogo alitia mkono guniani akatoa konzi ya makonyo, akayatupa motoni yeye mwenyewe. Kisha konzi nyingine.

Bibi alipotoka jasho lilikuwa linamtiririka na mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Bi Raya aliitazama ile mikono muda mrefu.

"Nilikuja kumchukua," alisema.

"Nnajua."

"Basi mwache papa hapa. Mie sina mikono ya kumkanda hivo."

Bibi akanituma maji. Safari hiyo moto ulikuwa umekubali, na mgeni wetu alipooga bibi aliingia naye uani akamkanda mabega, maana tulimsikia Bi Raya anaguna na kusema kuwa hajakandwa tangu mtoto wake wa mwisho. Aliyekuja kuchukua mtu alikaa mpaka wachumaji wakaanza kumtania kuwa siku mbili zimepita, ya tatu apewe jembe. Hakuwaachia la kusema. Akavuta mkeka akachambua karafuu kwa kasi iliyowatia haya. Msimu wote uliobaki nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote ninaowakumbuka.

Leo nina nyumba yangu Jadida, na bafuni ukutani ipo hita aliyoifunga mume wangu. Naibonyeza, naoga, natoka. Naipenda, sitaki kusema uongo. Macho yangu yameshavuta moshi wa kutosha. Ila hita haina wa kwanza wala wa pili. Kila mtu hujifungia mlango wake akaoga peke yake, wala hakuna anayejua nani kaoga ya moto na nani kaoga baridi.

Bibi alifia kwangu mwaka jana, mzee, usingizini, baada ya sala. Wanawake walipokusanyika kumwosha, mmoja alisema tukinge maji ya bafuni, tayari ya moto, maana wanaume walikuwa wameshapanga safu za kumsalia wanangoja. Bi Raya, ambaye sasa hutembea kwa kushikwa, alikataa. Alitaka mafiga uani na kuni. Maji yalipoanza kupata moto alitia mkono mpaka kiwikoni, akautoa.

"Bado," alisema. "Yuno kawapa watu wote ya moto, mwenyewe kaogea ya baridi yalobaki."

Nikaitafuta kambi yote kichwani: babu na birika lake, mzazi, wachumaji, mgeni. Bibi na ndoo ya moto sikumwona. Nikainama nikaongeza kuni, na wanaume wakangoja.